Tisa Nne, Tisa Nne

Padri Cyriaque alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Viateur Mugenzi hakuona cha kuchekesha. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya padri, kofia mkononi, na alikuwa ameomba jambo moja tu: ndoa yake na Illuminée ifungwe Jumatano, tarehe 31 Machi 1993.

"Viateur, mwana wangu," padri akasema huku akijipangusa macho, "hii kalenda ya parokia, nani alichapa?"

"Ni miye, Padiri."

"Na hii zambarau iko hapa Machi yote, nani aliweka?"

Viateur akaitazama kalenda ukutani kama mtu anayeonyeshwa shati lake likiwa limevaliwa na mwingine. Kwaresima! Siku zote za Kwaresima alizichapa kwa wino wa zambarau, na wino ule ulikaa kwenye kucha zake mpaka karibu na Noeli. Hata mtoto wa kutumikia altareni anajua kwamba Kwaresima hakuna harusi. Lakini mganga hajigangi, na mchapa kalenda alikuwa ameisahau kalenda yake.

"Pasaka iko tarehe kumi na moja," padri akasema, sasa kwa upole. "Jumamosi inafuata, tarehe kumi na saba Aprili, niko na nafasi asubuhi. Nikuandike?"

Kumi na saba mara nne ni sitini na nane. Sitini na nane si tisini na tatu.

"Nitafikiri, Padiri," Viateur akajibu, akaondoka.

Jibu hilo ndilo lililomharibia maisha, na sioni sababu ya kulifunika kwa maneno laini.

Viateur alikuwa mpanga herufi katika mtambo wa chapa mjini Kigali, kwenye mteremko wa kushukia Nyabugogo. Kazi yake ilikuwa kuokota herufi za madini ya risasi, moja moja, na kuzipanga kinyume ili karatasi izisome sawasawa. Kila mwaka kuanzia Septemba alipanga kalenda za mwaka unaofuata: za parokia, za wauza mabati, za wauza bia. Aliijua kalenda kama mpishi anavyokijua chungu chake. Alijua kwamba duniani kuna kalenda kumi na nne tu, zikizunguka na kurudi. Alijua kwamba tarehe nne ya mwezi wa nne, sita ya mwezi wa sita, nane ya mwezi wa nane, kumi ya mwezi wa kumi na kumi na mbili ya mwezi wa kumi na mbili huangukia siku moja ya juma, mwaka wowote utakaoutaja. Watu wa Nyabugogo walikuwa wakimtajia tarehe zao za kuzaliwa, naye akiwaambia walizaliwa Jumanne au Ijumaa, wakamnunulia mishikaki.

Illuminée Gahongayire, fundi wa kushona wa Kimironko, alifika siku moja kuchapisha nyimbo za kwaya yake. Wakati anasubiri, Viateur akamwonyesha kalenda ya mwezi ule.

"Chagua siku tisa, tatu kwa tatu, kama dirisha. Halafu ujumlishe."

Illuminée akaweka kidole kwenye nne, tano, sita, na zilizo chini yake. Hajafika hata mstari wa pili, Viateur akasema, "Mia na nane."

Alijumlisha mpaka mwisho, midomo ikichezacheza. Ilikuwa mia na nane. Akamtazama kwa jicho la kumdai jibu, akasema, "Weye iko muchawi."

"Hapana. Iko ya katikati tu. Unachukua ya katikati, mara tisa."

Illuminée akacheka, na Viateur akajua kwamba amekwisha. Alipogeuka kuandika siku kwenye risiti, ndipo akaona. Ilikuwa tarehe 10 mwezi wa 9 mwaka 90. Kumi mara tisa, tisini.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Yeye mwenyewe alizaliwa tarehe 12 Mei mwaka 60, na kumi na mbili mara tano ni sitini. Hilo alilijua tangu utotoni na alikuwa akijivunia kidogo, kama mtu mwenye alama nzuri shavuni. Sasa akaona siyo alama tu, ni njia. Siku ambayo tarehe ikizidishwa na mwezi inazaa mwaka, aliiita siku timilifu. Akaapa moyoni kwamba hatamfanyia Illuminée jambo lolote kubwa ila katika siku timilifu.

Mwaka 1991 ulikuwa na moja tu: 13 Julai, kumi na tatu mara saba. Ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo wazee wa kwao walikwenda Kimironko kumposa Illuminée, wakataniana na wazee wa upande wa pili kama ilivyo desturi, wakaambiwa hapa hakuna msichana, mmepotea njia, mpaka bia ya ndizi ilipokaribia kwisha na msichana akapatikana. Mzee Gatera, baba yake Illuminée, alicheka kuliko wote. Alikuwa ametoka kizuizini miezi michache tu iliyopita. Vita vilipoanza Oktoba 1990 serikali ilimkamata pamoja na wengine wengi, kosa lake likiwa kuzaliwa Mtutsi, na alirudi akiwa na meno machache. Kumwona anacheka vile, Viateur akasema moyoni: unaona? Siku timilifu haidanganyi.

Mwaka 1992 nao ulikuwa na moja: 23 Aprili. Harusi ikapangwa siku hiyo. Wiki chache kabla, mama yake Mzee Gatera akafariki, na nyumba yenye msiba haichezi ngoma. Msiba ulipoondolewa, ilikuwa Juni. Jumamosi zilikuwa zimejaa tele, Juni, Julai, Agosti, mwanamume achague tu. Viateur akasema, "Tungoje kidogo. Mwaka kesho kuna nyingine."

Illuminée alikubali. Alimpenda, na aliona ni ujinga mdogo, wa kusameheka, kama wa mwanamume anayekataa kula kabla ya kuvua kofia.

Lakini mwanzoni mwa 1993 mambo hayakuwa ya kungoja tena. Bertrand, kaka yake Illuminée, alikuwa amehamia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na huko alipata mwenye mtambo wa chapa aliyetaka mpanga herufi. Akaja mwenyewe kuwaambia. "Hapa Kigali moto unakokwa, na munaona moshi," akasema. "Mufunge ndoa, muvuke. Muzee nitamuchukua nyuma yenu."

Mzee Gatera akasema hayo ni maneno mazuri, ila binti yake hatavuka mpaka na mwanamume kabla hajatolewa nyumbani kwa heshima. Kwa hiyo jambo lilikuwa jepesi kulieleza: harusi kwanza, Bukavu baadaye. Mlango ulikuwa wazi, na ufunguo wake ulikuwa tarehe.

Ndipo Viateur akaenda kwa padri kuomba Jumatano ya Kwaresima. Na ndipo akakataa Jumamosi ya baada ya Pasaka.

Alipomweleza Illuminée, walikuwa wamekaa nje ya chumba chake cha kushonea, yeye akipinda upindo wa gauni la mtu mwingine. Hakunyanyua macho.

"Tarehe kumi na saba iko na mubaya gani?"

"Haina mubaya. Haina kitu, ndiyo shida yake."

"Itakuwa na miye," Illuminée akasema. "Miye siyo kitu?"

Viateur akaanza kueleza habari za 12 Mei na 10 Septemba na 13 Julai. Illuminée akamsikiliza mpaka mwisho, sindano imetulia kwenye kitambaa. Kisha akasema, "Data, muzee wangu, anasema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Yangu imeanza kuuma, Viateur." Akaendelea kushona.

Hata hivyo hakumwacha. Hilo ndilo lililokuja kumuumiza Viateur baadaye kuliko mengine yote. Angemwacha, angeolewa na mwingine, angevuka.

Agosti ile ikatiwa saini mikataba ya amani, watu wakapumua, na Viateur akajiona ana haki. Unaona, hakukuwa na haraka. Septemba akaanza kupanga kalenda ya 1994. Haikuwa kazi ngumu. Mwaka 1994 ulikuwa pacha wa 1983, Januari mosi Jumamosi. Akiwa katikati ya kazi akaacha sanduku la herufi, akatafuta siku yake timilifu.

Haikuwepo. Tisini na nne haigawanyiki ila kwa mbili na arobaini na saba. Mwezi wa pili upo. Tarehe arobaini na saba haijawahi kuwepo tangu dunia iumbwe. Mwaka mzima, siku zote zile, na hata moja haikutimia. Iliyofuata ilikuwa 19 Mei 1995.

Siku hiyo, kalenda mkononi, alitembea kwa miguu mpaka Kimironko kwa kuogopa kufika mapema. Akamkuta Illuminée, akamweleza, akamaliza kwa sauti ndogo: "Iko inabakia mwaka moja na miezi michache tu."

Alitegemea machozi, au mkasi kurushwa. Illuminée akaiweka sindano chini. Kisha akasema, "Lete hiyo kalenda."

Aliichukua karatasi ya majaribio, wino haujakauka sawasawa, akaibandika ukutani juu ya cherehani. Viateur akaondoka bila kujua kama bado ana mchumba.

Baada ya siku nne alitumiwa ujumbe aende. Illuminée alikuwa amesimama mlangoni, uso umefunguka kama siku ile ya mia na nane. Akamvuta mkono mpaka kwenye kalenda, akaweka kidole kwenye Aprili.

"Pasaka iko tarehe tatu. Jumamosi inafuata ni ngapi?"

"Tisa."

"Soma yote. Tarehe, mwezi, mwaka."

"Tisa, nne, tisini na nne."

"Hapana, soma kama namba za simu."

Viateur akasoma. Tisa. Nne. Tisa. Nne.

Akarudia kimoyomoyo. Tisa nne, tisa nne. Tarehe na mwezi, halafu mwaka ukija na kusema maneno yaleyale. Miaka yote alikuwa akizidisha; hakuwahi hata siku moja kusoma tu. Na huyu mwanamke, ambaye shule aliiacha darasa la sita, amekaa siku nne na kalenda ukutani, akitafuta, si kwa sababu anaamini, bali kwa sababu mtu wake anaamini.

"Iko inajiita," Viateur akasema. "Inajiita na kujiitikia."

"Ni kama miye na weye," Illuminée akasema. "Sasa enda kwa Padiri, na usiniletee hesabu ingine."

Alikwenda mbio. Padri Cyriaque akaandika, safari hii bila kucheka. Bertrand akaambiwa; akasema vizuri, ila kwa nini isiwe Oktoba hii, kwa nini tungoje Pasaka nzima? Viateur akamjibu kwa fahari ya mtu aliyeshinda, "Shemeji, tarehe imepatikana." Akafurahia miezi ile ya kungoja kama mtu anayenusa chakula jikoni.

Kadi za harusi alizipanga mwenyewe. Mtambo ulikuwa na seti moja ya herufi za maua, za kuheshimiwa, zisizotumika ila kwa maaskofu na maharusi. Akaandika ILLUMINÉE kwa herufi hizo, na VIATEUR chini yake, na tarehe katikati ya mistari miwili: 9 – 4 – 94. Alipomaliza kuchapa hakuzirudisha herufi kwenye sanduku. Aliifunga kadi ile ya risasi kwa uzi, kama ilivyo, akaiweka kwenye rafu ya juu. Alitaka ikae pale mpaka wapate watoto, awaonyeshe.

Siku ya Pasaka alikula Kimironko. Mzee Gatera alimwita mwanangu mara tatu. Illuminée hakumruhusu kuliona gauni. Lilikuwa ndani ya sanduku, na kila alipopita karibu na sanduku lile Illuminée alimtishia kwa mwiko. Jumatatu jioni Viateur akarudi kwake Kinyinya kupaka chokaa chumba.

Jumatano usiku ndege ya rais iliangushwa, na mji ukaanza kuunguruma. Alhamisi asubuhi kulikuwa na vizuizi kila njia, na watu aliowajua, waliokuwa wakimtajia tarehe zao za kuzaliwa, wamesimama na mapanga wakiomba vitambulisho. Kitambulisho cha Viateur kilikuwa na neno lililomruhusu kuishi. Cha Illuminée kilikuwa na jingine. Alijaribu kwenda. Kwenye kizuizi cha pili wakamuuliza anakwenda kwa nani huko Kimironko, na jinsi walivyouliza akaelewa kwamba akilitaja jina la Gatera atakuwa amewaonyesha nyumba. Akasema anatafuta dawa. Wakamwambia arudi. Akarudi.

Akarudi, na tangu siku hiyo hajawahi kukaa kimya bila kuisikia miguu yake ikirudi.

Julai, bunduki ziliponyamaza, alifika. Paa halikuwepo, isipokuwa juu ya chumba cha kushonea. Jirani yao, Mama Mukeshimana, ambaye naye alibaki peke yake, alimweleza akiwa amesimama, bila kulia, kwa kuwa machozi yalikuwa yamemwishia. Ilikuwa Ijumaa, akasema. Mzee alitoka nje kwanza, akidhani watatosheka naye. Hata Jumamosi yenyewe hawakuifikia.

Ukutani, mahali pa cherehani, kalenda bado ilikuwepo. Illuminée alikuwa ameizungushia tarehe tisa kwa chaki ya kushonea, ile ya buluu, inayofutika ukipitisha mkono. Viateur hakupitisha mkono. Alisimama akaitazama, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho mtu yeyote asiyejua hesabu angekiona: Jumamosi zote zilizotangulia. Jumamosi za 1992, Jumamosi baada ya Pasaka ya 1993, Jumamosi za Oktoba na Novemba na Januari. Kila moja ilikuwa na nafasi asubuhi. Kila moja ingekuwa na Illuminée ndani yake, na baada yake Bukavu. Naye alizipita zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu zilikataa kuzidishwa.

Mtu akikufa kwa ugonjwa unaweza kumlaumu Mungu. Illuminée aliuawa na watu, na Viateur aliwajua watu hao kwa sura, wala hakuwasamehe. Lakini walimkuta Kigali. Aliyemweka Kigali alikuwa nani?

Novemba mtambo wa chapa ulikuwa umefunguliwa tena na mwenye mali mpya, Mama Mugeni, aliyekulia Bujumbura na kurudi na wengi. Viateur alikuwa akipanga kalenda za 1995. Alipofika Mei aliiweka 19 baada ya 18, kama unavyoweka tofali, akaendelea.

Jumatatu moja vijana wawili wakaingia. Nao walikulia Bujumbura. Ilionekana kwa jinsi walivyosalimia kwa sauti ya juu, kama watu ambao bado hawajajua ni nani anaomboleza nyumba gani. Mwanamume aliitwa Aimable, msichana Liliane.

"Muzee, tunataka kadi za mariage," Aimable akasema. Viateur alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa amezoea sasa kuitwa mzee.

"Ya lini?"

Wakatazamana, wakacheka. Liliane ndiye aliyesema, kwa madaha ya mtu aliyegundua jambo. "Tulikuwa tunaangalia kalenda yako ya mwaka kesho, ile iko hapa mulangoni. Tumepata moja nzuri sana. Tisa Mei. Tisa, tano, tisa, tano! Umeona? Inajirudia!"

Viateur aliweka chini kibano cha kuokotea herufi.

"Iko kitu kinakosekana?" akauliza. "Mahari?"

"Ilitoka zamani."

"Matangazo kanisani?"

"Yalisomwa yote matatu. Padiri anangoja siye tu. Ni tarehe tu, Muzee, tulitaka iwe na..." Aimable akatafuta neno. "Iwe na kitu."

"Padiri yuko na nafasi Jumamosi hii?"

"Jumamosi hii? Ya tarehe ishirini na sita?" Liliane akashangaa. "Lakini hiyo haina kitu!"

"Itakuwa na weye," Viateur akasema.

Sauti ilitoka vibaya. Akajikohoza, akajaribu tena taratibu, kama anavyosema mtu mzima na watoto wake. "Jumapili ni Majilio. Mukikosa Jumamosi hii, Padiri atawaambia mungoje Noeli. Baada ya Noeli mutasema mungoje kidogo tena. Musingoje. Kadi nitachapa leo, mutagawa kesho. Watu watakuja. Watu wanapenda harusi sasa."

Hawakumjua, na hawakuuliza. Liliane akamtazama usoni kwa muda, kisha akaufunga mkono wake kwenye mkono wa Aimable, akasema, "Bon. Jumamosi."

Walipotoka kumtafuta padri, Viateur akapanda kwenye kigoda, akaishusha ile kadi ya risasi kutoka rafu ya juu. Vumbi lilikuwa limeingia kwenye maua ya herufi. Seti ilikuwa moja tu, na karibu yote ilikuwa imefungwa mle ndani. Akaipuliza. Akaisoma kinyume, kama alivyozoea, mara moja, kisha akafungua uzi.

Akachukua L mbili za ILLUMINÉE, na I zake mbili, na N, na E. Ilipungua A, akaitoa kwenye jina lake. Akapanga LILIANE. M akaipeleka kwa AIMABLE, na zilizopungua akazijaza kwa zile chache zilizobaki sandukuni. Halafu akaweka 26, akaweka 11, akaweka 94, akakaza fremu, na hakuzidisha.

Akalowesha mtambo wino, akaanza kuchapa.